Siku 30 Ndani ya Jahazi: Watu wa Bara Waliovuka Bahari Bila Jina Kuandikwa

Mwambie mtu wa Kilosa kwamba kwao kuna historia ya bahari, atakucheka mpaka machozi. Bahari ipi? Kilosa kuna mkonge, kuna reli, kuna mafuriko ya Mkondoa, na siku hizi kuna mahandaki ya SGR. Mikumi ndo usiseme kabisa: tembo, twiga, na mabasi ya Mbeya yanayokata katikati ya hifadhi huku dereva akipunguza mwendo kwa kuogopa faini ya kugonga mnyama. Kutoka huko mpaka kwenye maji ya chumvi ni kama kilomita 300.

Ila sasa shika ramani. Mkondoa ukitoka Kilosa unakutana na Mkata, unakuwa Wami, na Wami unamwaga maji yake Bahari ya Hindi upande wa Saadani, ng'ambo ikiwa Unguja. Kusini ya Mikumi napo, Ruaha Mkuu unapita Kidatu, unaingia Rufiji, na Rufiji inaingia baharini kupitia ile delta yenye mikoko. Maji ya kule yamekuwa yakifika baharini siku zote. Watu pia walifika. Wengi wao hawakurudi.

Stori za majahazi tulizozoea zina watu wa aina mbili: Mwarabu mwenye chombo na Mzungu mwenye daftari. Nahodha anatajwa, Sultani anatajwa, mpelelezi anatajwa mpaka mbwa wake. Aliyevuta kamba, aliyefua maji usiku kucha, aliyelala juu ya mawe chini kabisa ya chombo, huyo hana jina. Na huyo mara nyingi alitoka bara, sehemu kama Usagara, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa ni wilaya ya Kilosa.

NJIA ILIPITA MLANGONI

Karne ya 19 barabara kubwa ya nchi hii haikuwa ya lami. Ilikuwa njia ya miguu kutoka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji, na moja ya mapito yake lilikuwa bonde la Mkondoa. Misafara ilitoka pwani na vitambaa, shanga na waya, ikarudi na pembe za ndovu. Kabla ya kufika milimani lazima uvuke uwanda wa Mkata, ambao leo sehemu yake ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Watalii wanaupenda kwa sababu ni tambarare, wanyama wanaonekana vizuri. Wapagazi waliuchukia kwa sababu hiyohiyo: masika ikishuka, maji yanakaa. Stanley alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akakuta uwanda umegeuka dimbwi, na mahesabu yake yote ya safari yakavurugika.

Kuna Mzungu mwingine aliyepita mapema zaidi, Burton, mwaka 1857. Huyu alikuta huko Usagara kijiji kilichovamiwa: nyumba zimeungua nusu, vyombo vya nyumbani vimetapakaa chini, wenyewe hawapo. Waliobaki walikuwa wamejificha porini. Hakuandika jina la hata mtu mmoja wa kijiji kile, na wala haikuwa kazi iliyompeleka. Lakini hapo ndipo safari nyingi za bahari zilipoanzia. Hazikuanza ufukweni, zilianza alfajiri kwenye kijiji kilichozungukwa.

Kama ulisoma historia sekondari unamkumbuka Chifu Mangungo wa Msovero. Msovero ipo Kilosa. Novemba 1884 Karl Peters alitoka Zanzibar, akavuka mpaka Saadani, akapanda bara, na ndani ya wiki chache akarudi pwani na makaratasi yaliyosema nchi ya Usagara imekuwa ya Wajerumani. Mangungo amebebeshwa lawama darasani mpaka leo kwa kuweka alama kwenye karatasi iliyoandikwa lugha asiyoijua. Angalau yeye jina lake lipo. Wapagazi waliombebea Peters mizigo yake kwenda na kurudi, wakijua njia kuliko yeye, hakuna mwanafunzi anayeulizwa majina yao kwenye mtihani.

Kutoka Kilosa kwa mwendo wa kilomita 15 kwa siku ukiwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani, unahitaji wiki tatu kufika Bagamoyo. Wapo waliokwenda kwa ujira, wapo waliokwenda wamefungwa. Jina la Bagamoyo lenyewe watu wanabishana mpaka kesho: wengine wanasema ni bwaga moyo, pumzika, umefika; wengine wanasema ni acha moyo wako hapa, kwa sababu mbele ni maji. Inategemea ulifikaje.

PIGA PICHA HUJAWAHI KUONA BAHARI

Tuseme kijana wa Usagara anasimama ufukweni kwa mara ya kwanza. Maji aliyoyajua ni ya mto, ambayo yana upande wa pili. Haya hayana. Chombo kiko kimelala upande kwenye matope kwa sababu maji yametoka, na watu wanakipaka chini mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa, deheni, ili wadudu wasitoboe mbao. Mbao za juu zinapakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu ya sifa watu wa pwani wameizoea, kwao ni harufu ya kazi. Mgeni anatapika kabla hata chombo hakijaondoka.

Maji yanajaa, chombo kinaelea, watu wanapandishwa. Bagamoyo mpaka Unguja ni karibu tu, kilomita 40 na kitu. Leo boti ya kasi kutoka Dar inachukua kama saa mbili na ndani kuna runinga na soda baridi. Kwa tanga, upepo ukikubali, unaondoka usiku na kufika asubuhi. Upepo ukikataa, unakaa katikati unatazama minazi ya Unguja ile pale, na hufiki.

Hiyo ilikuwa kionjo tu. Kutoka Unguja wapo waliobaki kwenye mashamba ya karafuu, na wapo waliopandishwa tena kwenye vyombo vikubwa kwenda kaskazini: Lamu, Mogadishu, Maskati, Sur, mpaka ndani ya Ghuba. Kutoka Unguja hadi Maskati ni zaidi ya kilomita 4,000. Mwezi mmoja, pengine zaidi kidogo, ndani ya chombo cha mbao kisicho na injini.

Na huwezi kuondoka siku unayotaka. Bahari ya Hindi ina ratiba yake, ni kali kuliko ya treni ya mchongoko. Kuanzia Disemba hivi mpaka Machi unavuma kaskazi, unawaleta Waarabu na Wahindi huku. Aprili upepo unageuka, unaingia kusi, unawarudisha. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari inachafuka kiasi kwamba nahodha mwenye akili hatoki bandarini. Kwa hiyo kuna dirisha dogo, na ukilikosa unakaa miezi ukila akiba yako.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ni wa Vasco da Gama. Aprili 1498 aliondoka Malindi na rubani aliyepewa pale, mtu aliyezijua pepo. Siku 23 wakaiona India. Kurudi, mreno akajiona ameshaijua njia, akaondoka mapema Oktoba kabla upepo haujageuka. Ilimchukua karibu miezi mitatu. Watu kama 30 walikufa njiani kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, fizi zinaoza mdomoni, na mabaharia waliobaki walikuwa wachache mno hata ikabidi achome moto moja ya meli zake. Bahari ileile, meli zilezile. Tofauti ni yule rubani. Na unajua jina lake? Shajara ya safari haikumtaja jina. Miaka mingi watu walisema ni Ahmad ibn Majid, mwanamaji maarufu wa Oman, lakini wanahistoria wengi sasa hawakubali, wanasema alikuwa mtu wa Gujarat. Aliyefungua njia ya Ulaya kwenda India tumebaki kumbishania.

SASA TUINGIE NDANI

Watu wakisikia jahazi wanapata picha ya Forodhani jioni, tanga jeupe, jua linazama, mtu anapiga selfi. Sawa. Sasa toa jua linazama, weka siku ya 17.

Chombo cha wastani kilikuwa na urefu wa mita 15 hadi 20, vile vya safari ndefu vilizidi hapo. Weka ndani yake shehena, maji, kuni, mbuzi wawili watatu, na watu. Vyumba hakuna. Nahodha na wakubwa wanakaa tezini, nyuma, kwenye shetri, sehemu iliyoinuka ambako upepo ni mzuri na harufu ya ngama haifiki sana. Wanawake wakiwepo wanawekwa kwenye kichumba chini ya shetri, giza, joto, na hawatoki mpaka nchi kavu. Mabaharia wanalala popote penye nafasi juu ya mizigo. Yaani ukitaka kujua mtu ana thamani gani ndani ya chombo, tazama tu analala wapi, kutoka tezi kwenda omo, na kutoka juu kwenda chini.

Jiko ni sanduku la mbao lililojazwa mchanga ili moto usichome chombo. Moto mmoja, sufuria moja kubwa, watu wote. Wali ukiwepo unaliwa na samaki na samli kidogo. Usipokuwepo ni tende na papa mkavu, kesho tende na papa mkavu, keshokutwa unajua mwenyewe. Wanatupa ndoano nyuma, wakipata jodari siku hiyo ni sikukuu. Bahari ikichafuka moto hauwashwi kabisa, mnakula tende mnasubiri.

Maji ya kunywa yako kwenye matangi ya mbao na mapipa. Wiki ya kwanza ni maji. Wiki ya tatu yana rangi na yana harufu, na yanapimwa kwa kikombe. Kuoga ni kwa maji ya chumvi, na chumvi inakauka mwilini, ngozi inawasha, vidonda havifungi. Choo ni kiboksi cha mbao kilichoning'inizwa nje ya chombo upande wa nyuma, chini yako ni bahari moja kwa moja. Chombo kikiyumba unashikilia kwa mikono miwili na kumwomba Mungu. Mende walikuwepo, panya walikuwepo, hao hawakulipa nauli.

Kazi iliyokuwa haiishi ni kufua maji. Chombo cha mbao kinavuja, hata kiwe kipya, hata kiwe kimekalafatiwa vizuri kwa pamba na mafuta kila mahali pa kuungana mbao. Maji yanajikusanya chini, kwenye ngama, yanachanganyika na uozo wote wa shehena, na lazima mtu ashuke ayatoe, asubuhi, mchana, usiku. Wazee wa pwani wana msemo: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wengi tunautumia kwenye hotuba za harusi bila kujua kwamba ngamani ni mahali halisi na panatoa harufu ya kuua.

Halafu kuna foromali. Tanga la jahazi ni moja kubwa la pembe tatu, limefungwa kwenye mti mrefu kuliko hata mlingoti wenyewe, huo ndio foromali. Upepo ukigeuka huwezi kukata kona tu kama bodaboda. Foromali lote linasimamishwa wima na kuhamishiwa upande wa pili wa mlingoti, huku tanga linapigapiga hewani na kamba zinachapa watu usoni. Usiku, kwenye mawimbi, bila taa. Kosea kidogo, foromali linavunjika au mtu anakwenda majini, na chombo cha tanga hakina breki ya kurudi kumwokota. Ndiyo maana walikuwa wanaimba. Nyimbo za mabaharia zilikuwa ni kipimo, mmoja anaanzisha, wote wanavuta pamoja kwenye neno lilelile. Asiyejua Kiarabu aliimba hivyohivyo, akajifunza kwa mikono.

Usiku unabaki na mtu wa usukani na nyota. Manahodha walijua nyota ipi inachomoza wapi na mwezi gani, na kwa urefu wa nyota juu ya maji walijua wamepanda kaskazini kiasi gani. Mchana walitazama rangi ya maji, ndege, nyoka wa baharini. Sehemu waliyoiogopa zaidi upande wa huku ilikuwa pwani ya Somalia mpaka Ras Asir, ile ncha ya Pembe ya Afrika, kwa sababu mkondo wa maji una nguvu na pwani haina pa kujificha. Ukipita pale salama watu wanapumua.

Mtu akifa, kama ni baharia au abiria, anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa, anashushwa majini. Chombo hakisimami. Dakika chache mahali pake hapajulikani tena.

Na hata bandarini hukuwa salama. Tarehe 15 Aprili 1872, msimu uleule wa vyombo kujiandaa kuondoka na kusi, kimbunga kiliipiga Unguja. Kiliharibu meli za Sultani, kikang'oa mikarafuu ya kisiwa karibu yote, na vyombo vingi vikavunjwa palepale kwenye nanga. Waliokuwa ndani yake hesabu yao ni ya kukisia.

MAWE, MIANZI, NA NAMBA TATU

Mpaka hapo tumeongelea walioishi juu. Kulikuwa na wa chini.

Mwaka 1868 meli ya kivita ya Uingereza, Daphne, ilikuwa inazunguka pwani hii kukamata vyombo vya watumwa. Nahodha wake, George Sulivan, baadaye aliandika kitabu, na ndani yake ameeleza chombo kimoja kilichokamatwa. Chini kabisa kulikuwa na mawe ya farumi, yale ya kukipa chombo uzito kisipinduke. Juu ya mawe hayo, bila hata mkeka, wanawake 23, mmoja wawili wakiwa na watoto wachanga. Hawakuweza kukaa wima, walikuwa wamejikunja. Futi kama tatu juu ya mkuku ilitandazwa sakafu ya mianzi, na juu yake wanaume 48 waliobanana vilevile. Juu yao sakafu nyingine, na hapo watoto 53.

Hesabu ipo kamili: 23, 48, 53. Mtu alisimama pale akahesabu kichwa kimoja kimoja, kwa umakini mkubwa. Majina hayapo. Picha maarufu iliyopigwa ndani ya Daphne mwaka huo, vijana waliokonda wamekaa sitahani, iko mpaka leo kwenye makumbusho na vitabu, na chini yake pameandikwa jina la meli.

Walitoka wapi hasa? Wengi wa miaka ile walitoka kusini, upande wa Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Lakini vyombo vilipakia pia Bagamoyo, Saadani na Pangani, na nyuma ya bandari hizo ndipo walipo Wasagara, Wakaguru, Wazigua, Wavidunda, Waluguru. Waliokombolewa hawakurudishwa kwao, hilo watu wengi hawalijui. Walipelekwa Shelisheli, Aden, Bombay, na kuanzia 1875 wengine Freretown pale Mombasa. Walipewa majina mapya, ya Kizungu. Kwa hiyo hata yule aliyeokolewa alipoteza jina kwa mara ya pili.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia kuwasafirisha kwa bahari. Hakuwa na hamu, Waingereza walimwekea meli mbele ya nyumba, kwa lugha ya siku hizi. Biashara haikufa siku ile. Ilihamia nchi kavu, ikahamia usiku, ikahamia chini ya bendera ya watu wengine. Wenye vyombo wa Sur waligundua kwamba chombo chenye karatasi na bendera ya Ufaransa Mwingereza hawezi kukipekua, basi bendera za Ufaransa zikajaa baharini. Kesi hiyo ilifika mpaka mahakama ya usuluhishi ya The Hague mwaka 1905. Mabeberu wawili wanashtakiana kuhusu kitambaa juu ya mlingoti, na walioko ngamani hawakuitwa kutoa ushahidi.

BAHARIA AU SHEHENA?

Hapa ndipo palipo pagumu zaidi. Sio kila mtumwa chomboni alikuwa wa kuuzwa. Unguja ya karne ya 19 watumwa wengi walifanya kazi ya ubaharia wenyewe: wanasafiri, wanapata fungu lao, sehemu wanampa bwana, sehemu inabaki kwao. Wengine walifika mpaka kuaminiwa usukani. Kijana aliyetapika kwa harufu ya sifa miaka kumi iliyopita, sasa ndiye anayemfundisha mwingine kuvuta kamba.

Sasa Mwingereza anapanda chomboni na bastola. Anaona watu weusi. Yupi baharia, yupi bidhaa? Sheria yao ilisema mabaharia na watumwa wa nyumbani wasiguswe, lakini pia kila chombo kilichokamatwa kilikuwa na bonasi kwa mabaharia wa meli ya kivita. Kazi kwako. Kulikuwa na malalamiko mengi kwamba vyombo halali vilichomwa moto kwa ajili ya bonasi hiyo, na baharia aliyekuwa anatafuta riziki akajikuta amekombolewa kwa nguvu na kutupwa nchi asiyoijua, sanduku lake limeungua.

Sanduku sio kitu kidogo. Baharia hakuwa na mshahara. Mwisho wa safari gharama zinatolewa, mwenye chombo anachukua lake, kinachobaki kinagawanywa kwa mafungu, nahodha mafungu zaidi, baharia fungu moja. Mara nyingi fungu lenyewe linaishia kwenye deni la mwaka jana. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mishe zake pembeni: ndani ya sanduku kuna vitambaa, manukato, vikoi, chochote kinachouzika bandari inayofuata. Sanduku ndilo lilikuwa duka lake na benki yake.

Maisha haya yalifika mpaka enzi za babu zetu. Mwaka 1938 Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alipanda bumu la Kuwait pale Aden, akasafiri nalo mpaka Mogadishu, Lamu, Mombasa, Zanzibar na Rufiji, kisha akarudi nalo Kuwait 1939. Kitabu alichokiandika ndicho kinachotueleza mengi kuhusu sanduku la mchanga, choo cha kuning'inia, na abiria zaidi ya 100 waliobanana juu ya sitaha. Sehemu ya Rufiji ni chungu kusoma: matope, mbu, homa, watu wanapakia boriti za mikoko kwa wiki nzima na zaidi. Boriti hizo zilikwenda kuezeka nyumba za Ghuba, ambako miti hakuna. Mpaka leo nyumba za kale za kule vyumba vyake ni vyembamba, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko.

Na mikoko hiyo inakua kwenye tope linaloletwa na Rufiji, na tope la Rufiji sehemu yake linaletwa na Ruaha Mkuu, ule unaopita kusini ya Mikumi. Kuna mzee Kuwait amelala utoto wake wote chini ya dari ambayo udongo wake ulipita Kidatu.

Safari za namna hiyo zilififia baada ya vita, meli za injini zikachukua mizigo, na baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 msimu wa majahazi ya Arabuni haukurudi kuwa ule. Mwaka huohuo wa 1964 ndio Mikumi ilitangazwa hifadhi ya taifa.

Walioshuka upande wa pili walifanya kazi mashambani kwenye mitende, bandarini, na wengi walizamia lulu. Walioa, wakazaa, wakawa watu wa kule. Nenda Sur, nenda Bahrain, nenda Kuwait, kwenye sherehe utasikia ngoma inaitwa lewa. Watu wanazunguka duara, katikati kuna zumari na ngoma kubwa. Ngoma hiyo kubwa wanaiita msondo, ndiyo, msondo hilihili unalolijua wewe. Mashairi ni Kiarabu, na katikati yake kuna maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wenyewe mengine hawajui maana yake. Wanayaimba kama walivyoyapokea kwa baba zao.